Filimbi Asiyoisikia Mtu

"Zima hiyo filimbi," Mama alisema.

Sindano alikuwa ameinamia cherehani, anapinda mguu wa suruali, pini mbili zimebanwa mdomoni kama kawaida yake. Akajibu bila kufikiri, maneno yakipita kando ya zile pini, "Filimbi gani tena?"

"Hiyo inayolia ukutani."

Mguu wake ukaacha kanyagio. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, kisha akageuka taratibu. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake, mikono mapajani, shingo ameielekeza upande kama mtu anayetegea habari.

Ajabu yenyewe ni hii: Mama alikuwa kiziwi. Si kiziwi wa kujifanya, wa kusikia anapoitwa kula na kutosikia anapoombwa kitu. Masikio yake aliyamalizia katika kiwanda cha nguo, miaka ishirini na mitatu katikati ya mashine za kufumia, ili binti yake wa pekee ale na asome. Kwa miaka kumi na minane hakusikia mvua, wala mlango, wala redio ya jirani inayokesha. Na kwa kuwa hakujisikia hata yeye mwenyewe, alikuwa akiomba chumvi kwa sauti ya mtu anayezuia gari barabarani. Leo alisema polepole, kwa sauti ya chini.

Sindano akamwashiria kwa vidole: filimbi hakuna. Mama akatikisa kichwa, akakunja uso, akaingia ndani na kujifunika shuka hadi utosini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani.

Inafaa turudi nyuma siku sita, ijulikane filimbi ilitoka wapi.

Jina la Sindano alipewa na wateja, nusu kwa sababu ya kazi yake, nusu kwa sababu ya ulimi wake. Lakini wateja walionja robo tu ya ulimi huo. Uliobaki aliupokea Mama. Sindano alikuwa na tabia ambayo hakumwambia mtu, ya kumsema mama yake usoni huku anatabasamu. Anamfunga vifungo vya gauni, anatabasamu, na mdomo unasema, "Wenzangu wana mama, mimi nina mtoto mchanga wa miaka sabini." Anampa uji, anatabasamu, na mdomo unatoa mengine ambayo hata adui hapewi. Mama naye anatabasamu, anapokea bakuli. Walipotaka kuelewana kweli walitumia mikono, au Sindano aliandika kwa chaki yake ya fundi kwenye kitambaa cheusi alichokitundika ukutani. Yasiyoandikwa hapo, kwa mawazo yake, yalikuwa upepo tu. Yalimsaidia kupumua. Akishasema, aliweza kumwogesha mama yake kwa upole kabisa, na upole huo nao ulikuwa wa kweli.

Mama mwenyewe alikuwa mtu wa hadithi moja tu, hadithi ya kiwandani: jinsi wafumaji walivyosengenyana kutwa nzima kutoka mashine moja hadi nyingine, katikati ya makelele yale, na msimamizi aliyesimama katikati yao asiambulie hata neno. Akifika hapo hucheka mpaka machozi. Sindano alishaisikia hadithi hiyo mara mia, akaacha kuisikiliza.

Panya ndio walioanzisha yote. Walikuwa wamezaana nyuma ya kabati la vitambaa, na siku moja wakaingia kwenye koti la suti la mwalimu mkuu. Wakatoa pamba yote ya mabegani, wakatafuna bitana, wakaacha vifungo vinaning'inia. Mwalimu mkuu alikuja kujipima mbele ya wateja watatu. Akaingiza mkono mmoja, mkono ukatokea mgongoni. Hakufoka. Alimtazama Sindano kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekuwa na matumaini naye, akaondoka na fulana.

Siku hiyohiyo Sindano akaenda duka la vifaa vya umeme, akanunua vile vifukuza-panya vya kuchomeka kwenye soketi, vinne katika boksi moja, vyeupe, kila kimoja na kitaa cha buluu kinachopepesa. Boksi liliahidi sauti asiyoisikia mtu, ambayo panya, mende na kila kilichojificha ukutani hakiwezi kuivumilia.

"Dada, chomeka kila chumba," muuzaji alimwambia. "Ukiacha chumba kimoja hakina sauti, humo ndimo watakamohamia wote."

Akachomeka. Jikoni kimoja, chumba cha kushonea kimoja, kwenye korido kimoja. Cha nne akakipeleka chumbani kwa Mama, nyuma ya kitanda. Mkono wa pili alikuwa amebeba chai. Kichwa kilimgonga, aibu ya koti ilikuwa bado inamwasha, na Mama alikuwa amelowesha shuka kwa mara ya pili siku hiyo. Sindano akakibonyeza kile kifaa kwenye soketi, akainuka, akamkabidhi mama yake kikombe, na kwa tabasamu lake lilelile akasema:

"Si ufe tu, nipumzike."

Mama akapokea chai, akatikisa kichwa kama mtu anayeshukuru. Taa ya buluu ikapepesa. Sindano akatoka, na alipofika jikoni akaanza kusuuza kikombe kilichokuwa safi. Alikuwa hajawahi kusema neno zito kiasi kile. Alijiambia si neno, hakuna aliyesikia. Usiku ule alimpikia Mama chakula anachokipenda, akamkata na kucha.

Panya walitoweka. Hilo lazima lisemwe, vile vifaa havikudanganya.

Baada ya ile asubuhi ya filimbi, nyumba ikaanza kunuka pamba iliyoungua. Fundi yeyote anaijua harufu hiyo, ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Sindano alikimbilia meza ya pasi mara tatu kwa siku moja, na mara tatu alikuta pasi imepoa, waya wake umekunjwa. Harufu ilikuwa ikitoka chumbani kwa Mama. Akanusa shuka, akanusa gauni. Alipomwinamia kumfunga kitambaa kichwani, akaipata: ilikuwa inatoka ndani ya masikio yake.

Siku iliyofuata Mama alicheka peke yake. Sindano alipomwashiria kuuliza kulikoni, akasema kwa ile sauti mpya ya chini, "Jirani anamwambia mumewe kwamba hata mbuzi huwa anaoga." Sindano akasogea ukutani, akabandika sikio. Upande wa pili ugomvi wa kuoga ulikuwa umepamba moto.

Ilipasa afurahi. Mama yake amerudishiwa masikio! Mtoto mwingine angetoka nje akaita watu. Sindano alirudi kwenye kiti chake, akatazama kitambaa kilicho chini ya sindano ya cherehani bila kukiona, na kitu cha kwanza alichojiuliza, na alijichukia kwa kujiuliza hicho badala ya kingine chochote, ni kama masikio hayo yameanza leo au yalianza siku ya chai.

Kilichokuja adhuhuri kilikuwa kibaya zaidi, alipokuwa anampa Mama dawa yake.

"Usinitazame hivyo, nakuja," Mama alisema.

Kijiko kikamdondoka, kwa sababu sauti haikuwa ya Mama. Ilikuwa ya Sindano mwenyewe, lakini ya zamani, nyembamba, ya msichana aliyekuwa bado hajachoka. Na maneno aliyakumbuka. Ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kabisa, mwaka ule Mama alipoanza kutembea kwa kushika ukuta. Mama alikuwa ametulia, macho yametulia, mdomo tu ndio uliokuwa ukienda, na ulikuwa na tabasamu ambalo Sindano hakuhitaji kioo kulijua.

Kesho yake ikaja ya mwaka wa pili. "Choo, choo, choo. Huna kingine cha kutaka?" Keshokutwa yake yakaja ya miaka mingi kwa mpigo, asubuhi ile ya mtoto mchanga wa miaka sabini, na alasiri nyingine, ambayo Sindano aliisema mwaka alioachwa na mchumba, akiwa anamchana mama yake nywele: "Hakunikataa mimi. Amekukataa wewe." Aliposikia hiyo alitoka nje akasimama uani kati ya nguo zilizoanikwa, akashika shuka lenye maji kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipouelewa mpangilio wake, kwamba yale maneno yalikuwa yanakuja kwa zamu, mwaka baada ya mwaka, hakuna linaloruka foleni, na kwamba mwisho wa foleni hiyo, siku mbili au tatu mbele, ilikuwa imesimama siku ya chai na neno lake, na neno hilo likishatoka kwa sauti ya Sindano kwenye mdomo wa Mama na kuingia kwenye masikio ya Mama yanayosikia sasa, hakuna kuogesha, hakuna kukata kucha, hakuna chakula duniani kitakacholirudisha.

Jirani wa ukutani, yule wa mbuzi na kuoga, alimkuta palepale uani.

"Dada, unaumwa?"

"Mama anasikia," Sindano akasema kwa kunong'ona.

"Ala! Si jambo la heri hilo?"

"Anaongea kwa sauti yangu."

Jirani akaweka beseni chini. Akamshika mkono, wakatoka vilevile na ndara miguuni, hadi kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mnene anayeishi nyuma ya gereji ya mumewe, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hakuwa na makeke. Alimsikiliza Sindano, akaomba aletewe boksi la vile vifaa, akalisoma pande zote nne, hata maandishi ya onyo.

"Mwanangu," akasema, "nyumba yako ni ya zamani?"

"Ya zamani."

"Basi ukuta wako una mwenyewe. Wengi wana mwenyewe, hawajui tu. Wako alikuwa mpole, kazi yake kukaa na kusikiliza. Wewe ukamchomekea filimbi vyumba vyote. Akimbilie wapi? Akatafuta pahali pa kimya. Nyumba nzima kimya kilikuwa mahali pamoja tu." Akagusa sikio lake.

Jirani akaguna. Sindano akayakumbuka maneno ya muuzaji.

"Hana ubaya," mganga akaendelea, "ila amejaa. Kila alichosikia miaka yote hiyo anacho. Lazima akitoe. Sasa niambie, ulisema nini ulipokuwa unachomeka?"

"Nilisema panya waondoke."

"Hakuna zaidi?"

Jirani alikuwa amekaa pale, anamtazama kwa huruma. Jirani huyu ndiye anayewaambia watu wote mtaani kwamba hajaona mtoto anayemtunza mama yake kama Sindano.

"Hakuna zaidi," Sindano akasema.

Mganga akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. "Haya. Kesho nakuja. Tutavichomoa hivyo vidude, tumwachie ukuta wake. Akiwa anatoka atasema yaliyobaki, mpaka la mwisho. Mwacheni aseme. Na atakayekuwa ndani asizibe masikio hata kidogo. Sikio lililozibwa ni chumba kitupu, na yeye atakuwa anatafuta chumba."

Alikuja saa tano asubuhi, jirani yuko nyuma yake. Vitambaa vilikuwa vimetandazwa mezani, nje mtu anauza maji. Hayo yote ya kawaida ndiyo yaliyomtisha Sindano, kwamba jambo kama lile laweza kufanyika huku mtu anauza maji. Kabla mganga hajabisha, alikuwa ameshafungua mabega ya koti ambalo halijamalizika, akachomoa pamba, akaisokota vipande viwili, akajaza masikio mpaka yakauma, akafunga kilemba kikubwa juu yake. Alijua alichokatazwa. Lakini aliona afadhali lolote kuliko kulisikia neno lile likifika.

Wakamketisha Mama katikati ya chumba. Mganga akazunguka nyumba, akachomoa kifaa cha jikoni, cha korido, cha chumba cha kushonea, mwishowe cha nyuma ya kitanda, akavitia vyote kwenye mfuko. Kisha akapiga magoti mbele ya Mama, akashika mikono yake, na Sindano, ambaye sasa alisikia tu damu yake mwenyewe ikienda, akaona midomo ya mganga ikisema na midomo ya Mama ikianza kujibu, kwanza taratibu, kisha haraka, kisha haraka kupita jinsi mdomo wa mtu unavyoweza kwenda, miaka kumi na minane ikimiminika bila sauti huku tabasamu lile halibanduki, na harufu ya pamba iliyoungua ikajaa chumba mpaka macho yakatoa machozi, na jirani akaziba mdomo kwa mikono miwili na kumtazama Sindano, si kwa huruma tena, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na midomo ya Mama ikapunguza mwendo, ikasimama, ikasema neno moja fupi la mwisho, na Sindano akafumba macho asiione.

Alipofumbua, Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anapumua kama aliyepanda ngazi. Harufu imekwisha. Sindano akapenyeza vidole chini ya kilemba, akaitoa ile pamba, akaificha kiganjani. Ilikuwa ya moto.

"NINA KIU!" Mama akasema, kwa ile sauti ya kuzuia magari.

Sindano akaanguka miguuni pake, akalia kwa shukrani. Jirani aliondoka bila kuaga. Mganga alibaki mlangoni, akatazama ukuta, akaubisha kwa vidole kama anayepiga hodi, akategea.

"Hajarudi humu," akasema. Akamtazama Sindano kilemba chake. "Ulifanya nilivyokwambia?"

"Nilifanya."

"Kama ulifanya, basi ameondoka zake," mganga akasema, lakini alisita kabla ya kushuka ngazi.

Panya walirudi kesho yake, na familia zao. Walijaa jikoni na korido. Chumba cha kushonea tu hawakukanyaga, na Sindano alipoingia jikoni walitawanyika wakigongana, wanalia, wanapanda kuta. Jambo hilo lilimfurahisha. Alimwandikia Mama kwenye kitambaa cheusi kwamba panya siku hizi wanamwogopa, na Mama akasoma, akamtazama kwa muda mrefu.

Siku ya nne, alipokuwa anampa Mama dawa, Sindano alinusa pasi. Hakuwahi kugeuka. Mdomo wake ulifunguka bila yeye kuufungua, shavu likavutika likafanya tabasamu, na sauti yake ya usichana ikasema, "Usinitazame hivyo, nakuja."

Akajiziba kwa kiganja. Mama aliendelea kumeza dawa. Alikuwa hasikii kitu, Mungu ashukuriwe, masikio yake yalikuwa yamefungika kama zamani. Sindano alishikilia hilo siku zote zilizofuata. Maneno yalikuja kwa foleni ileile, ya choo, ya mtoto mchanga, ya mchumba, na kila lilipokuja aligeuka upande au aliinamia kazi yake, na akajiambia, hasikii, angalau hasikii, hii ni adhabu yangu peke yangu na nitaibeba. Kwa mganga hakwenda. Angeenda kusema nini? Angelazimika kuanzia na pamba, na kutoka kwenye pamba kufika kwenye chai ni hatua moja.

Ile ya mwisho ilimkuta saa kumi jioni, sahani ya kikombe mkono huu na kikombe mkono ule, hana wa kujizibia mdomo. Alihisi tabasamu linapanda. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Alimtazama mama yake machoni na mdomo wake ukasema, wazi, neno kwa neno:

"Si ufe tu, nipumzike."

Mama hakumtazama machoni. Alikuwa anamtazama mdomo. Akanyoosha mkono, akapokea chai.

"HIYO ULISHANIAMBIA," akasema, na sauti yake ikapita ukuta, redio ya jirani ikapunguzwa. "SIKU YA KOTI LA MWALIMU. ULIVAA BLAUZI YA KIJANI."

Sindano alibaki ameshika sahani tupu.

"Na ya mchumba, nilikuwa naiona kwenye kioo ukinichana. Mwanangu, kule kiwandani, na makelele yale, ulidhani tulisengenyana kwa masikio?" akauliza kwa sauti ileile ya kuzuia magari.

Miaka kumi na minane ilikuwa imeketi pale kati yao na kikombe cha chai. Sindano akapiga magoti, akainua uso ili mdomo wake uonekane, na kwa mara ya kwanza akausemesha kwa makusudi: "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa huna mwingine wa kumwambia," Mama akajibu, akainamia chai yake akaipuliza.

Sindano alitaka kuomba msamaha. Alilishika neno, alikuwa nalo kwenye ulimi. Lakini harufu ya pamba iliyoungua ikapanda kutoka ndani ya kichwa chake, shavu likavutika, na sauti nyembamba ya msichana ikaanza upya kutoka mwanzo:

"Usinitazame hivyo, nakuja."

Mama akaweka kikombe chini. Akavuta kiti chake karibu na binti yake, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake dirishani kwenye mwanga, apate kuuona mdomo vizuri.